Askari Aliyedai Mshahara Wake

Mtu atokaye katikati ya jiji la Dar es Salaam, akavuka Daraja la Selander na kushika barabara iendayo Bagamoyo, huingia katika Wilaya ya Kinondoni, wala haendi mbali kabla ya kuyapita makaburi ya wanajeshi waliokufa katika vita vikuu viwili vya karne ya ishirini. Ni mahali pa utulivu, penye majani yaliyokatwa vizuri, na wanafunzi wengi hupita hapo kila siku bila kugeuza shingo. Makaburi hayo yenyewe ni wahamiaji. Mwaka 1968, ilipokuwa yajengwa barabara mpya ya pwani, mifupa ya mamia ya wanajeshi ilifukuliwa katika makaburi ya Ocean Road ikaletwa huku. Na katika miaka iliyofuata ikaletwa mingine kutoka makaburi ya bara. Wanaokumbukwa hapo kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza peke yake wapita 1,700, na kati yao wamo waliokuja kufa hapa kutoka nchi za mbali sana.

Katika insha hii twataka kusimulia habari za askari mmoja ambaye halali hapo, ingawa vita vilivyowaleta wale ndivyo vilivyomtoa yeye utotoni, na ingawa alizaliwa katika mji huu huu wa Dar es Salaam. Yeye safari yake ilikuwa kinyume na yao. Wao walitoka ng'ambo wakaja kuzikwa kwetu; yeye alitoka kwetu akavuka bahari, akafia Ujerumani, tena si katika uwanja wa vita bali katika kambi ya mateso. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Ulaya alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen, na kwa kuwa ndilo lililobaki katika vitabu, tutalitumia hilo.

Alizaliwa tarehe 22 Februari, 1904. Baba yake alikuwa askari mwenye asili ya Sudani katika jeshi la Wajerumani, naye alikuwa amefikia cheo cha efendi, ambacho hakuna Mwafrika aliyeweza kukipita katika jeshi lile. Hapa hatuna budi kusimama kidogo, maana mwanafunzi anaweza kuuliza Msudani alifikaje Dar es Salaam. Mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipotumwa kuyazima mapigano ya watu wa pwani chini ya Abushiri bin Salim, hakuja na jeshi la Wajerumani watupu. Alipitia Misri akaajiri huko mamia ya askari wa Kisudani, watu waliokwisha kulitumikia jeshi la Misri na kuachwa bila kazi. Hao ndio waliokuwa shina la jeshi la kikoloni katika nchi yetu. Walipewa bunduki, sare na mshahara uliokuwa mzuri kuliko wa watu wengi wa wakati ule, nao wakalipa kwa utii. Miaka michache baadaye jeshi lile ndilo lililotumwa kuvizima vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, likachoma vijiji na mashamba ya kusini, na njaa iliyofuata ikaua watu wengi zaidi kuliko risasi. Husen wakati huo alikuwa mtoto mchanga. Hatumtwiki makosa ya jeshi la baba yake, lakini hatuwezi kuyasimulia maisha yake kana kwamba jeshi lile lilikuwa la haki.

Mtoto alisoma, akajua Kijerumani, na kabla ya vita alikwisha kufanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha nguo huko Lindi. Vita vilipoanza mwezi Agosti, 1914 alikuwa na umri wa miaka kumi. Baba na mwana wakaingia jeshini pamoja, mtoto akawa mwanafunzi wa kikosi cha ishara, yaani wale waliopeleka habari toka kikosi hadi kikosi. Leo tungemwita askari mtoto, na tungewashtaki waliomwandikisha.

Vita vile, kwa watu wa pwani, vilianza baharini. Manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg iliishambulia manowari ya Waingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba, 1914, ikaizamisha. Kisha ikajificha katika mikono ya Mto Rufiji, ikazingirwa huko miezi mingi, mpaka Waingereza walipoleta merikebu mbili zenye kuelea katika maji haba, Severn na Mersey, zikaiangamiza tarehe 11 Julai, 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa majini, ikakokotwa kwa nguvu za watu mpaka Dar es Salaam, ikatengenezwa katika karakana ya reli, na kutoka hapo ikasambazwa katika nchi nzima. Mabaharia wake nao wakawa askari wa nchi kavu. Habari hizo hupendwa sana na waandishi wa vitabu vya vita vya majini, ambao huwataja manahodha na mizinga kwa majina. Waliovuta kamba katika matope ya Rufiji kwa kawaida hawatajwi hata kwa hesabu.

Dar es Salaam iliingiliwa na Waingereza tarehe 4 Septemba, 1916. Jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck likawa linarudi kusini, likipigana na kukimbia. Serikali yao ilikwisha kutengwa na Ulaya, fedha ikaadimika, noti zikachapishwa humu humu nchini kwa karatasi duni, na huko Tabora ikapigwa sarafu katika karakana. Katika miaka ya mwisho askari walipigana kwa ahadi: mshahara umeandikwa, utalipwa vita vikiisha. Ahadi hiyo ndiyo iliyoyabeba maisha yote ya Husen, kwa hiyo tunamwomba msomaji aikumbuke. Mwezi Oktoba, 1917, palipiganwa huko Mahiwa, katika nchi ya Lindi, mapigano makali kupita yote ya vita vile. Husen alijeruhiwa hapo, akatekwa na Waingereza. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Wajerumani waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba, 1918, huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, katika Zambia. Vita viliisha, na waliokuwa wakidaiwa mshahara walikuwa wameondoka nchini.

Kijana aliyebaki alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa pwani waliokosa kazi: aliitafuta riziki baharini. Alitumika katika meli kama boi, na mwaka 1925 akapata kazi ya kuandaa meza katika meli ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyokuwa imerudi tena kusafiri kati ya Ujerumani na pwani yetu. Kazi ya namna hiyo ilikuwa shule ya ajabu. Mtu aliyekulia Dar es Salaam aliweza kuzijua bandari za Shamu na Ulaya kabla hajaijua Dodoma. Na kila meli ilipofika Ujerumani, Husen alikuwa ameikaribia ile nchi iliyokuwa na deni lake.

Mwaka 1929 alishuka melini akaenda Berlin, akapeleka madai yake katika Wizara ya Mambo ya Nje: mshahara wake wa vita, na mshahara wa baba yake. Jibu likawa kwamba amechelewa. Muda wa kupokea madai ya askari wa Afrika Mashariki umekwisha pita, na hakuna kitakacholipwa. Tumejaribu kuwaza jinsi kijana huyo wa miaka ishirini na mitano alivyotoka katika jengo lile. Alikuwa amepigana akiwa mtoto, amepigwa risasi, amevuka bahari akihudumia wenye kula, ili aambiwe kwamba tarehe imepita. Mtu mwingine angerudi melini. Yeye alibaki Berlin.

Akawa mhudumu katika nyumba kubwa ya starehe na mikahawa iitwayo Haus Vaterland, mahali ambapo watu wa Berlin walikwenda kula na kutazama michezo ya nchi za kigeni. Tena akapata kazi nyingine ambayo yawahusu zaidi wasomaji wa kitabu hiki. Katika Chuo Kikuu cha Berlin palikuwa na idara ya lugha za Mashariki na Afrika, na mmoja wa wakuu wa elimu hiyo alikuwa Profesa Diedrich Westermann, mtu ambaye jina lake hata leo hulikuti kukosekana katika vitabu vya isimu ya lugha za Afrika. Husen akawekwa kuwa msaidizi wa lugha. Kazi yake ilikuwa kuwasemesha wanafunzi Kiswahili, kuwasahihisha matamshi, na kuwapa lugha iliyo hai ambayo haimo vitabuni.

Wenzetu walimu watafahamu jambo hili upesi. Profesa alikuwa na elimu ya lugha nyingi. Lakini Kiswahili chenyewe, kile cha sokoni, cha bandarini na cha kambini, alikuwa nacho yule msaidizi. Hata hivyo cheo kilikuwa cha profesa, na mshahara wa msaidizi ulikuwa mdogo, kiasi kwamba hakuweza kuacha kazi ya kuhudumia meza. Katika historia ya kuenea kwa Kiswahili ulimwenguni tumezoea kuwataja wamisionari na wataalamu walioandika kamusi na sarufi. Wasaidizi wao, waliokaa upande wa pili wa meza na kujibu maswali, hatuwataji. Hata huyu tunayemsimulia hatungalimjua kama ualimu ungalikuwa kazi yake pekee.

Mwezi Januari, 1933, mwezi ule ule Adolf Hitler aliposhika uongozi wa Ujerumani, Husen alimwoa mwanamke wa Kijerumani aitwaye Maria Schwandner, nao wakajenga nyumba na kulea watoto. Tangu hapo nchi ile ilianza kugeuka. Sheria zikaanza kuwatenga Wayahudi, na watu weusi, ambao walikuwa wachache sana, wakabanwa mmoja mmoja katika kazi na katika makazi. Husen aliipoteza kazi yake ya Haus Vaterland.

Tunafika sasa mahali pagumu katika masimulizi haya. Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani ilitoa nishani kwa wote waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza. Husen aliiomba. Alijibiwa kwamba hapewi. Nishani ile haikuwa ya watu weusi. Basi akaenda katika duka la vitu vya kijeshi akainunua, akaivaa. Akavaa na sare ya askari, akasimama nayo katika mikutano ya Wajerumani waliokuwa wakidai warudishiwe makoloni yao. Yaani alisimama, mzaliwa wa Dar es Salaam, kati ya watu waliotaka Dar es Salaam iwe yao tena.

Wako watakaosema kwamba huyu alikuwa kibaraka, na kwa hiyo hastahili kurasa katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Sisi hatuoni hivyo, wala hatusemi kwamba alikuwa shujaa wa ukombozi. Wakati ule ule hapa nyumbani watu walikuwa wakikutana katika African Association, wakijifunza kusema kwa sauti moja, na Husen hakuwa pamoja nao. Yeye alikuwa peke yake katika mji wa kigeni, ana mke na watoto wa kulisha, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kujitetea mbele ya serikali ile ni kwamba alipata kuipigania. Alikishika kwa nguvu zote. Vilevile tusisahau kwamba kununua nishani uliyonyimwa na kuivaa mbele ya macho ya waliokunyima si tendo la mtu mtiifu kabisa. Lina kiburi ndani yake. Je, waliomwona mkutanoni walikijua? Huenda waliona mapambo tu.

Alipata pia riziki katika filamu. Mwaka 1934 alionekana katika filamu juu ya vita vya Afrika Mashariki, na tangu hapo akaitwa tena na tena, mpaka akatokea katika filamu zipatazo ishirini na zaidi. Karibu zote alipewa sehemu ndogo: mtumishi, mchukuzi, mbeba sinia. Filamu yake ya mwisho, iliyotolewa mwaka 1941, ilimhusu Carl Peters, yule aliyezunguka Usagara mwaka 1884 akiwatia watu sahihi katika mikataba wasiyoijua, na ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikuwa imemfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili wake Kilimanjaro. Katika filamu aligeuzwa kuwa mtu mwema aliyeonewa, na Husen akaigiza mtumishi wake mwaminifu. Ilikuwa sehemu kubwa kuliko zote alizopata kupewa.

Vijana wa siku hizi wanayajua makaburi mengine ya Kinondoni, yale ya raia, kwa sababu mwaka 2012 Steven Kanumba, mwigizaji mashuhuri wa filamu zetu, alizikwa hapo mbele ya umati mkubwa. Wachache mno wanajua kwamba mzaliwa wa mji huu alikuwa akisimama mbele ya kamera za Ulaya miaka karibu themanini kabla ya hapo.

Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Husen alijitolea tena kuwa askari, akakataliwa. Mwaka 1941 aliacha kazi yake ya chuoni. Katika mwaka huo huo polisi wa siri walimkamata, kwa shtaka la uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo ambalo utawala ule uliliita kuichafua damu. Hakufikishwa mbele ya hakimu. Mwezi Septemba alitiwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akakaa huko miaka mitatu. Alikufa tarehe 24 Novemba, 1944. Laiti angaliishi siku moja zaidi, ingekuwa imetimia miaka ishirini na sita kamili tangu jeshi aliloingia akiwa mtoto lilipoweka silaha chini.

Deni lenyewe halikwisha na kifo chake. Mwaka 1964, ambao pia ni mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani ya Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa hai katika nchi yetu. Husimuliwa kwamba afisa wa fedha aliweka meza huko Mwanza, wakaja wazee wapatao mia tatu na hamsini, na wachache tu kati yao walikuwa na hati zao za zamani. Wengine walileta vipande vya sare. Basi yule afisa, asijue la kufanya, akawapa kila mmoja ufagio, akawaamuru kwa Kijerumani washike silaha kama walivyofundishwa, na hakuna aliyekosea. Kisa hicho hutajwa kwa kicheko, kama ushahidi wa utii wa askari wale. Sisi tukikisoma tunaona kitu kingine: wazee wenye mvi, waliodaiwa kuthibitisha kwa ufagio kwamba walipata kuwa vijana, miaka arobaini na sita baada ya kazi kwisha.

Habari za Husen zimefahamika tena katika miaka ya karibuni tu. Mwaka 2007 mtaalamu wa Kijerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, alitoa kitabu juu ya maisha yake. Mwaka huo huo kibao kidogo cha shaba kiliwekwa katika njia ya miguu mbele ya nyumba namba 193 ya Brunnenstraße, mjini Berlin, alikokuwa akikaa. Mwaka 2013 Eva Knopf alitengeneza filamu juu yake, akikusanya vipande vya filamu za zamani ambamo Husen hupita nyuma ya waigizaji wakubwa akiwa na sinia mkononi.

Mwanafunzi wa historia na aangalie ni nini kilichowawezesha watu hao kumtafuta na kumpata. Ni makaratasi. Aliomba mshahara, likafunguliwa faili. Aliomba nishani, faili likanenepa. Aliajiriwa, akafukuzwa, akaoa, akashtakiwa, na kila mara karani aliandika. Waliomkatalia ndio waliomhifadhi, bila kukusudia, kwa sababu hakuacha kuwasumbua. Lakini twalazimika kuzisoma karatasi hizo kwa hadhari, maana ndani yake yeye ni mwombaji daima. Jinsi alivyocheka na wanawe, au Kiswahili alichowafundisha wale wanafunzi wa Berlin kilikuwa na ladha gani ya Dar es Salaam, hayo karani hakuulizwa ayaandike.

Mjini kwetu Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, huwakumbuka askari na wapagazi wa upande wa Waingereza, wala haina jina la mtu hata mmoja. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari wa pande zote mbili. Walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na kuchoka, na wengi wao hawakujua kuandika madai wala mahali pa kuyapeleka. Hao hawana faili. Kambi yao ilikuwa katika uwanja uliogeuka baadaye kuwa soko, na jina la Kiingereza la kikosi chao, likitamkwa kwa ulimi wetu, likawa Kariakoo. Na mpaka leo makondakta wa daladala za Kinondoni na Mwananyamala hulitangaza kwa sauti kubwa tangu alfajiri, wakiita abiria.